Mchanga wa Kona ya Mwisho

Siku moja naikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa. Lori jekundu lilishuka ndani ya mto wetu mkavu, ule unaopita nyuma ya mtaa wa Mchangani hapa Voi, na mama mmoja mnene wa kutoka ziwani akalifanya lishushe mzigo wake wote bila kulirushia hata jiwe. Nitakueleza ilivyokuwa. Lakini keti kwanza, mwanangu, maana leo nimekasirika na sina haja ya kuficha. Kidonge kimoja cha presha ninachomeza kila asubuhi kinanitosha, sitaki kuongezewa cha pili kwa sababu ya kunyamaza.

Jana Jumapili vijana wa mtaa walituomba tubaki kanisani baada ya ibada. Walisema wameandika historia ya Mchangani. Wataibandika kwenye ubao mkubwa pale barabarani na kuiweka kwenye mtandao, ili mtu popote alipo akitaka kutujua atujue. Nikasema hilo ni jambo jema. Nikaifunga leso yangu vizuri, nikasogea kiti cha mbele, maana sikio langu la kushoto siku hizi halisikii kila kitu. Aliyesimama kusoma alikuwa mjukuu wangu mwenyewe, Mwadime, mtoto wa binti yangu Wakesho. Huyo nimemlea mimi, tangu wa kubebwa mgongoni.

Akasoma kwa sauti nzuri, sauti ya babu yake. Akasema Mchangani ilikuwa pori tupu mpaka stesheni ya reli mpya ilipojengwa. Akasema tangu hapo ndipo maendeleo yalipoanza. Sasa kuna nyumba za kupanga, kuna gesti, kuna gereji, kuna steji ya boda, na mazingira tulivu karibu na mbuga. Watu wakapiga makofi.

Pori tupu! Mimi nimezaa watoto wangu wote katika hilo pori tupu. Nimezika mume hapo. Nimefukuza ndovu hapo kwa kupiga sufuria, huku nimefunga mtoto mgongoni. Leo naambiwa nilikuwa sipo?

Nikainua mkono. Nikauliza, "Mwadime, huo mtaa uliousoma uko wapi, tuutembelee?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti wao, kijana mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, akaniambia kwa heshima zake zote, "Nyanya, muda umetuishia. Maoni tutayapokea baadaye."

Maoni! Maisha yangu yameitwa maoni. Nikaketi, kwa sababu ilikuwa nyumba ya Mungu.

Hasira hiyo labda ingepoa. Lakini jioni ya siku hiyo Mwadime akaja kwangu, akavua kofia, akapiga magoti mbele ya kiti changu. Nikajua kimemleta nini. Sisi Wadawida, Wataita wa milimani, mtu haanzi kazi mpya hivi hivi. Huenda kwa mkubwa wa nyumba, na yule mkubwa huchukua maji mdomoni, huyapuliza mbele ya mwenye kazi, akasema maneno mema, kisha akapuliza tena. Tunaita kutasa. Wazee wa zamani walitumia pombe ya miwa. Mimi ni mtu wa kanisa, natumia maji, na ninayemtaja ni Mungu mmoja tunayemwimbia Jumapili. Binti zangu niliwatasia walipoolewa. Mwadime nilimtasia alipopata pikipiki, na hajaanguka nayo mpaka leo.

"Nyanya," akaniambia, "kesho kutwa tunaanza kazi. Nataka unitasie."

"Kazi gani?"

"Mchanga. Malori yanaingia kona ya mwisho."

Halafu akatoa kwenye mfuko wa plastiki chupa ya maji ya dukani. Ilikuwa na ubaridi bado, na kifuniko chake hakijavunjwa.

"Ya nini hii?"

"Ya kutasa. Nimekuletea safi."

Mwanangu, nilimtazama yule mtoto. Kona ya mwisho ndiyo sehemu pekee ya mto wetu iliyobaki na mchanga, na ndani ya mchanga huo ndimo mlimo visima vya mtaa mzima. Amekuja kuniomba nibariki kumalizwa kwa maji ya Mchangani, na maji ya kubarikia ameyanunua dukani. Tena hakuona kitu! Nikamwambia ainuke, magoti yake hayana kosa, akae kwenye stuli asikilize. Niliyomwambia yeye ndiyo ninayokuambia wewe.

Hakuna mtu aliyehamia hapa kwa sababu ya uzuri. Mchangani ni jua, vumbi na miiba. Wa kwanza kujenga walikuwa watu wa reli, ile ya zamani. Wakiwa kazini walikaa kwenye landi, zile nyumba za reli zilizoshikana kama meno, wengi wao wakiwa wametoka huko magharibi, Wajaluo na Waluhya. Mtu akistaafu, landi anapokonywa. Wengine walirudi kwao. Wengine huko kwao walikuwa wamekaa mbali mpaka hawana tena wa kuwafungulia mlango, basi wakasogea nyuma ya reli, wakakandika nyumba za udongo karibu na mto. Wakaja watu wa mashamba ya mkonge, kazi ilipopungua, na godoro kichwani. Wakamba walikuwa wanajua mchanga kuliko sisi sote, wao ndio waliotufundisha kuchimba. Familia moja ya Waswahili ikafungua duka la mahamri, na mpaka leo sijala mahamri mengine kama yale. Mwisho tukashuka sisi wa milimani. Kule juu shamba la babu liligawiwa watoto, likagawiwa wajukuu, mpaka ukarithi mahali pa kupanda sukuma wiki ya kuchuma mara moja. Mume wangu Mwakio alipata kibarua cha kupakia mizigo stesheni ya zamani, akanileta hapa nikiwa mwali.

Nilipouona huo mto nilitaka kulia. Kwetu maji yanaimba mferejini usiku na mchana, unaweka mtungi yanajaa yenyewe. Hapa nimeletwa penye mto usio na maji, naambiwa ndio huo. Kisha nikawaona wanawake wamepiga magoti katikati ya mchanga, wanachota kwa kata kutoka kwenye shimo, maji meupe kama ya kisima kilichojengewa kuta.

Mchanga unaweka maji, mwanangu. Hilo ndilo jambo lote. Mvua ikinyesha huko juu mto unakuja kwa kelele siku chache, halafu unanyamaza, na watu wasioujua wanasema umekufa. Haujakufa. Umelala chini ya mchanga, jua haliufikii, unakungoja uchimbe. Reli ilileta watu Voi, sikatai. Lakini kilichowabakiza hapa nyuma ni ule mchanga. Bila huo wangekwenda zao mpaka Mombasa.

Na palikuwa na taratibu, ambazo hazikuandikwa popote na kila mtu alizijua. Kisima kilichimbwa kwa mkono na kata, si kwa jembe. Ukimaliza kuchota unakifunika kwa matawi ya miiba, mbuzi wasikichafue. Sabuni ilikuwa haishuki mtoni. Kisima cha chini kabisa, karibu na vichaka, hakifunikwi. Hicho kiliachiwa ndovu. Wakikikuta wazi wanakunywa wanaondoka. Wakikikosa wanafukua vyote. Na mtu anayejenga alichukua mchanga kule juu kwenye kivuko, ule uliomwagwa na mafuriko mapya, tena kwa mkokoteni. Mchanga wa konani ulikuwa hauguswi, kwa sababu kwenye kona ndipo mto unapunguza mwendo na kulaza maji yake.

Aliyesimamia taratibu hizo aliitwa Mama Akinyi. Mume wake alikuwa fundi wa reli, alimwacha mjane mapema. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo, na sote wadogo alituita nyathina, yaani mtoto wangu kwa lugha ya kwao. Hakuchaguliwa na mtu. Alikuwa tu anaamka kabla yetu.

Sasa nirudi kwenye lile lori. Ulikuwa wakati wa kiangazi, asubuhi, tumo mtoni tunachota. Lori likashuka kivukoni likaja mpaka kona ya kwanza. Palikuwa panajengwa jengo fulani mjini, na tajiri mmoja alikuwa ametafuta vijana wa kumpakilia. Vijana wenyewe walikuwa wetu, na mume wangu Mwakio alikuwa mmoja wao, kifua wazi, koleo begani, anajiona. Wakaanza kupakia. Wanawake wakatazamana. Mimi nilikuwa mwali, ningesema nini mbele ya mume wangu? Mama Akinyi akaendelea kuchota kama haoni.

Lori likajaa. Dereva akawasha, likanguruma, likasogea kidogo, magurudumu yakazama. Akakanyaga mafuta, likazidi kuzama, mpaka mbele ya bodi ukapanda mvuke kama chungu cha githeri. Rejeta imekauka. Tanboi, yule msaidizi wa dereva, akatumwa kwetu na mkebe.

"Mama, tusaidieni maji ya gari."

Mama Akinyi akajishika kiuno. "Maji? Si mmeyapakia?"

Tanboi akashangaa. Dereva akateremka, akaja mwenyewe. "Mama, usinichezee. Kuna jua."

"Nyathina, mimi sikuchezei." Akamnyang'anya tanboi mkebe, akaenda nao mpaka kwenye lori, akauweka juu ya ule mzigo wa mchanga. "Maji yetu yote ya mwezi ujao ni haya hapa. Umeyachukua bila hodi. Kamua, unywe, ubaki na mengine ya rejeta."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nikacheka mpaka nikakaa chini, maana Mwakio alikuwa amesimama na koleo lake kama mtu aliyesahau limetengenezwa kwa kazi gani.

Dereva akajaribu ukali. Akajaribu kubembeleza. Jua likapanda. Hakuna mwanamke aliyeondoka na hakuna aliyemfungulia kisima. Mwisho akauliza, "Sasa mnataka nini?"

"Shusha," akasema Mama Akinyi. "Rudisha mchanga ulipotoka. Ukimaliza nitakupa maji ya gari, na ya kunywa, na uji juu yake. Hatuna ugomvi na wewe."

Wakashusha. Walewale waliopakia ndio walioshusha, koleo kwa koleo, sisi tumekaa ukingoni tunawahesabia makosa. "Hapo umemwaga kando, baba nani, zoa!" Kisha Mama Akinyi akawachotea maji kama alivyoahidi, lori likaondoka jepesi, na dereva akapunga mkono. Kila alipopita barabarani baada ya hapo alikuwa anapiga honi akimwona.

Nilipokuwa bado nacheka, yule mama akanigeukia. Uso wake haukuwa na kicheko hata kidogo.

"Wewe wa mlimani, unacheka nini? Huyo dereva ni mgeni, hajui. Aliyeshika koleo ni wa nyumbani kwako. Leo usiku mwambie. Usimwambie kwa hasira, mwambie wakati anaoga, maji yakiwa kichwani."

Nikafanya hivyo. Nilisimama nje ya bafu la makuti, nikamuuliza Mwakio maji yaliyoko kichwani mwake yametoka wapi. Tangu siku hiyo hakugusa mchanga wa konani mpaka alipoingia kaburini.

Hilo jina, Mama Akinyi, liko wapi kwenye ubao wenu? Wakamba waliotufundisha kuchimba wako wapi? Mmeandika gesti. Mmeandika gereji. Mmetaja mpaka steji ya boda!

Nilipofika hapo Mwadime akasema, "Nyanya, hiyo ni stori ya kitambo. Siku hizi kuna maji ya mfereji."

Nikamuuliza mfereji wake ulitoa maji lini mara ya mwisho. Bomba kubwa la maji linapita wilaya yetu nzima likishuka pwani, sisi tunalitazama. Mfereji wa mtaa unatoa pumzi. Tunaojiweza tunangoja boza lituletee maji, na tusiojiweza tunashuka kona ya mwisho na kata zetu kama wakati wa Mama Akinyi. Kona ya kwanza, ile aliyoiokoa, imekwisha. Alipofariki na watu wake kumchukua kwenda kumzika kwao, sisi tuliobaki tulilala. Lawama hiyo ni ya kizazi chetu, siwabebeshi ninyi. Malori yalirudi moja moja, na leo ile kona ni shimo la mawe. Mvua ikinyesha maji yanapita pale mbio kama yanafukuzwa, hayalali, na mwaka mmoja yaliondoka na ukingo mzima na choo cha jirani yangu juu yake. Malori yamemaliza kona ya pili vivyo hivyo. Sasa mmebakisha moja, na mnaitaka hiyo.

Akasema, "Lakini nyanya, hata nyumba hii yako ni mchanga." Mtoto ana akili, sikatai. Nikamjibu, ndiyo, ni mchanga wa kivukoni, baada ya mvua, mkokoteni wa babu yako. Nani amewakataza kujenga? Kivuko kipo, kila masika mto unakileta upya. Lakini kivukoni mtu hupata kidogo, anangoja, anachukua tena. Ninyi mnataka kuchukua kama watu wanaohama kesho. Mnahamia wapi?

Akainama. Akasema kwa sauti ndogo, "Kazi hakuna, nyanya." Na hapo, mwanangu, hasira yangu ilihama ikawaendea wengine. Najua kazi hakuna. Nikamwambia, wewe umesoma kuliko ukoo wetu wote, na unakaa juu ya pikipiki unangoja mtu mwenye haraka. Nina hasira na yule mwenye malori, ambaye hakai Mchangani na hanywi maji ya Mchangani. Nina hasira na wakubwa wanaopita wakifunga vioo vya gari kwa sababu ya vumbi letu. Lakini wao ni kama yule dereva. Mwenye koleo ni wa nyumbani kwangu, na mimi niliambiwa tangu ujana wangu niseme na nani.

Basi nasema nawe, Mwadime, na kila kijana wa mtaa huu. Unapotaka kueleza mahali ulipozaliwa, anza kwa kuuliza watu walikunywa nini siku ya kwanza. Ukijua hilo umejua kwa nini mji upo, na umejua pia mji wenyewe unaweza kufa kwa njia gani. Usiite pori mahali ambapo bibi yako alikuwa anapika. Usiondoe jina la mgeni aliyetunza kisima chako ukaweka la gesti. Njaa ikikusukuma, njoo useme una njaa. Tukae wote tutafute, kivuko tupangiane zamu, na wenye nyumba za kupanga wanunue kwenu huko kivukoni. Mimi nitakuwa wa kwanza kuwaendea hao wenye nyumba, na wananijua. Lakini ukija kunishika mkono nibariki kiu ya watoto wa mtaa, mkono huo nitaurudisha, hata uwe wa mtoto niliyembeba mgongoni.

Mwadime, chupa yako iko mezani, sijaifungua. Kata yangu iko msumarini nyuma ya mlango. Ichukue, ushuke kona ya mwisho, upige magoti kwenye mchanga kama ulivyopiga mbele yangu, uchimbe kwa mkono mpaka uone pametota. Kisha ungoje. Maji hayaji kwa haraka, yanajikusanya polepole kutoka pembeni, na wakati huo hutakuwa na la kufanya ila kuyatazama. Yakijaa kata, niletee. Hayo nitayatia mdomoni, na nitakutasia kwa kazi yoyote utakayoniambia. Utanitajia mwenyewe ni kazi gani, ukiwa umeishika ile kata mkononi.

Na hiyo kesho kutwa yenu, lori likishuka, litanikuta pale pale chini na mtungi wangu wa manjano. Dereva akiwa na kiu, taratibu yetu aiulize.

Wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, Mungu akupe kazi isiyomnyima jirani yako maji. Akupe mke au mume atakayekuambia ukweli maji yakiwa kichwani. Akuzeeshe mahali ambapo watu wanalijua jina lako bila kulisoma kwenye ubao. Na siku mjukuu wako atakapopiga magoti mbele ya kiti chako, uwe na maji ya hapa ya kumpulizia.